Nia na Njia

Methali isemayo kwamba penye nia pana njia hupendwa sana na wazazi, walimu na wasimamizi wa kazi. Ni methali njema. Humwamsha mvivu, humtia moyo mnyonge, na humkumbusha aliyekata tamaa kwamba kushindwa kwa leo si hukumu ya kesho. Walakini neno jema likirudiwa sana bila kupimwa laweza kutumika kwa kazi ambayo halikutumwa. Methali iliyotungwa kumfariji msafiri mara nyingi hutumika kumhukumu. Mtu asipofika alikokusudia, husemwa kwamba hakuwa na nia. Kwani angalikuwa nayo, njia ingalionekana. Asemaye hivyo hujiondolea taabu ya kwenda kuitazama njia yenyewe, na aliyeiziba njia hiyo hupata kujificha nyuma ya maneno ya wahenga.

Swali la kuulizwa, basi, ni hili: Je, kushindwa kwa msafiri ni ushahidi juu ya nia yake au juu ya njia yake? Na ikiwa ushahidi ni juu ya njia, nani anadaiwa?

Ni vigumu kulijibu swali hili kwa mifano ya wanadamu peke yao, maana nia ya mwanadamu imefichwa kifuani mwake. Mmoja husingizia ugonjwa, na mwingine husifu jitihada asiyoifanya. Yafaa ushahidi utafutwe kwa kiumbe asiyejua kusingizia wala kujisifu. Samaki aitwaye samoni, akaaye katika bahari ya Pasifiki na kupanda mito ya Kanada na Marekani, ni shahidi wa namna hiyo. Nia yake haina shaka, njia yake imepimwa, na mwendo wake umefuatwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 80.

Ziko aina kadha wa kadha za samoni, na mmojawapo huitwa sokai. Huzaliwa katika changarawe ya kijito cha maji matamu, mbali na pwani. Akiisha kutoka katika yai hukaa ziwani kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja hivi, kisha huteremka na maji hadi baharini. Huko hula, hukua na hunenepa. Na wengi wao, watimizapo umri wa miaka minne, huugeukia mto ule ule waliotoka na kuupanda hadi kijito kile kile walichozaliwa. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Marekani, Arthur Hasler na Warren Wisby, walitoa rai kwamba samaki wa mtoni waweza kuitambua harufu ya maji ya kwao. Uchunguzi uliofuata ukaitia nguvu rai hiyo: mtoto wa samoni huyashika maji ya kwao kwa harufu kabla hajaenda baharini, na akirudi akiwa mkubwa huifuata harufu hiyo kwenye kila njia panda ya mto.

Aingiapo maji matamu, samaki huyu huacha kula. Tangu hapo huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa baharini, na mafuta hayo yana kazi tatu: kumsukuma juu ya mto, kumkamilishia mayai au mbegu za uzazi, na kumbakizia nguvu za siku chache za kuzaa kabla hajafa. Ni msafiri aliyefungiwa masurufu mara moja tu. Kila dakika anayopigana na maji huondoa kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Katika mto Fraser wa British Columbia, wenye urefu wa karibu kilomita 1,370, wako sokai ambao kwao ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Yeyote atakayeuliza kama samaki hao wana nia, na aitazame safari hiyo kwanza.

Katika mto huo pana mahali ambapo milima hukaribiana na maji yote ya nchi kubwa hulazimika kupita katika mlango wenye upana wa mita 35 hivi. Msafiri Simon Fraser, ambaye mto uliitwa kwa jina lake, alipita korongo hilo mwaka 1808 na kulifananisha na milango ya jehanamu. Jina la Hell's Gate limetoka humo. Wenyeji wa korongo, watu wa Nlaka'pamux, walikuwa wakivua hapo tangu kale za kale, maana mahali panapomchelewesha samaki ndipo panapomrahisishia mvuvi. Kwa maelfu ya miaka mlango huo ulikuwa mgumu, lakini ulipitika. Samaki walipita kwa wingi, na watu walikula, na waliopita walitosha kuzaa wengine.

Mambo yakageuka katika mwaka 1913. Reli mpya ilikuwa ikijengwa kando ya korongo, na miamba iliyolipuliwa kwa baruti ikasukumwa mtoni. Mwezi wa Februari 1914 bonde likaporomoka hapo hapo na kuongeza mawe juu ya mawe. Mto ukabanwa, na maji yakapita kwa kasi ambayo haikuwapo. Mwaka 1913 ulikuwa wa samaki wengi mno, kwa kuwa sokai wa Fraser walikuwa na desturi ya kujaa sana kila mwaka wa nne. Walifika mlangoni kwa mamilioni, wakarundikana chini yake, na wengi mno wakafa pasipo kuzaa. Watu walijaribu kuwavusha wengine kwa vikapu na kwa mfereji wa mbao. Mwaka wa nne ulipotimia, yaani 1917, mavuno ya sokai wa mto huo hayakufika hata theluthi moja ya yale ya 1913. Uvuvi mkubwa uliofanywa mdomoni mwa mto kwa ajili ya viwanda vya samaki wa mkebe nao ulikuwa na sehemu yake katika upungufu huo; lakini njia ilikuwa imeharibika, na kila mtu aliyesimama juu ya korongo aliweza kuiona.

Hapa dhamiri hukutana na jambo la kwanza la kuifikirisha. Uvuvi wa wenyeji katika mto uliwekewa vizuizi katika miaka hiyo, ili samaki waliobaki wapate kupona. Kulinda mabaki si kosa. Lakini watu waliowekewa vizuizi hawakuwa wajenzi wa reli, wala hawakuwa wenye viwanda vya mdomoni mwa mto. Samaki alipotezwa na mwingine, na saumu ikafungwa na mwingine. Njia ikizibwa, mara nyingi wa kwanza kuambiwa avumilie ni yule aliye karibu na shimo, si yule aliyelichimba.

Ili kuelewa yaliyowapata samaki, ni lazima kujua jinsi wanavyopita mahali pagumu. Mto uendao kasi hauna mwendo mmoja. Katikati maji hukimbia. Karibu na kingo, juu ya sakafu ya mto na nyuma ya majabali hupunguza mwendo, na mahali pengine huzunguka na kurudi nyuma. Samoni mzoefu hauparamii mkondo wa katikati. Hujibanza kando, huitafuta njia nyembamba ya maji mapole, hutumia yale yanayozunguka kama mahali pa kupumzikia, na pale tu pasipo njia nyingine hujitupa mbele kwa nguvu zake zote kwa muda mfupi. Mwili wake umeumbwa kwa kazi hizo mbili. Misuli myekundu, inayotumia oksijeni, humwendesha polepole kwa siku nyingi. Misuli myeupe, iliyo mingi zaidi, humpa mruko wa ghafula. Lakini huchoka upesi, na ikichoka huhitaji saa nyingi za kupumzika. Waswahili husema mwenda pole hajikwai, na kwa samoni usemi huu ni kanuni ya maisha.

Mawe yaliyomwagwa Hell's Gate hayakuweka ukuta wa kumzuia samaki moja kwa moja. Yaliondoa kingo. Mahali palipokuwa na maji mapole pakawa na maji makali, na mahali pa kupumzikia pakatoweka. Maji yalipokuwa ya kimo fulani, samaki walipita. Yalipopanda au kushuka, hawakupita. Kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kwa miaka mingi kusema kwamba njia imekwisha tengenezwa, kwani siku moja moja samaki walionekana wakipita. Aliyewaona wakipita siku ya Jumatatu hakuwahesabu waliokufa siku ya Alhamisi.

Ushahidi ulianza kukusanywa kwa utaratibu mwaka 1938. Kanada na Marekani zilikuwa zimeunda tume ya pamoja ya kuwatunza sokai wa Fraser, na mtaalamu William Thompson aliongoza uchunguzi wake. Samaki walikamatwa chini ya mlango, wakatiwa alama zenye namba, wakaachwa waende. Alama zilizookotwa juu ya mto, na zile zilizookotwa tena pale pale chini baada ya siku nyingi, zilieleza nani alipita na nani alikwama. Mwaka 1941 wengi walikwama kwa majuma kadhaa. Katika 1944 kazi ya kujenga njia za samaki ilianza, na kufikia 1946 njia za kingo zote mbili zilikuwa zikitumika.

Lakini ushahidi huo haukupokewa bila kuulizwa maswali, na maswali yenyewe yana somo. Mwaka 1947 mtaalamu wa Kanada, William Ricker, alihoji kama samaki waliotiwa alama wangeweza kuwa wakili wa haki wa wenzao. Yamkini walionaswa kwa urahisi ndio waliokuwa dhaifu, na kukamatwa kwenyewe huchosha. Mtu akimshika msafiri aliyehema, akamtoboa, kisha akamwachia na kuandika daftarini kwamba amechelewa, ameandika habari za njia, au za mkono wake mwenyewe? Ricker hakuwa adui wa samaki. Alikuwa akidai insafu katika ushahidi. Tangu siku zake, kila mwenye kutaka kumfuata samaki hana budi kujibu swali hilo.

Ufundi uliendelea. Katika miaka ya 1950 vilitengenezwa vyombo vidogo vya kutoa sauti ndani ya maji ambavyo samaki aliweza kuvichukua mwilini. Baadaye vikaja vyombo vya kupeleka mawimbi ya redio, na katika miaka ya 1980 vikaja vijidude vya urefu wa milimita 12 hivi, visivyo na betri, ambavyo hutiwa ndani ya mwili wa samaki na kutaja namba yake kila apitapo penye mtambo wa kusoma. Chombo cha ajabu zaidi ni kile kinachosikiliza msuli wenyewe. Nyuzi zake huingizwa katika msuli wa samaki, na kila msuli ukazapo mawimbi ya redio hubadilika. Mtu aliye ukingoni huweza kukadiria si mahali samaki alipo tu, bali pia kiasi cha nguvu anachotumia. Kwa chombo hicho jambo lililokuwa limefichwa kifuani likasikika ukingoni. Jitihada yenyewe ikahesabika.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa British Columbia, akiwamo Scott Hinch, waliwafuata kwa njia hiyo sokai wachache waliofika Hell's Gate, na mwaka 2000 habari zao zikachapishwa. Mtu angalitazamia kwamba waliopita walikuwa wale waliojitahidi zaidi, na walioshindwa ni wale waliolegea. Ikawa kinyume. Waliopita waliogelea kwa kiasi, wakajihifadhi, na wakatumia nguvu kubwa kwa muda mfupi tu. Walioshindwa waliogelea kwa kasi kupita uwezo wao, wengine kwa zaidi ya dakika 10 mfululizo, wakihangaika huku na huku mbele ya mlango, mpaka nguvu zikawaishia. Walikufa kwa wingi wa jitihada.

Habari hii ndogo ina uzito mkubwa katika shauri lililo mbele ya msomaji. Samaki hao hawakukosa nia. Ikiwa nia hupimwa kwa jitihada, basi walikuwa nayo kuliko waliofika. Aliyetazama matokeo tu, bila kusikiliza misuli, angaliwaita wavivu. Na hukumu hiyo isingekuwa kosa dogo la hesabu, ingekuwa dhuluma juu ya maiti. Ni wanadamu wangapi wamehukumiwa hivyo? Mwanafunzi aliyeanguka mtihani baada ya kukesha mwaka mzima kwa taa ya koroboi. Mkulima aliyelima mara tatu mahali ambapo mvua ilikataa mara tatu. Mjane aliyezunguka ofisi hadi viatu vikaisha. Hakuna chombo kilichotiwa katika misuli yao. Dunia iliona tu kwamba hawakufika.

Yuko atakayejibu kwamba samaki hao walishindwa kwa kukosa hekima. Wenzao walipita mlango ule ule, siku zile zile. Kwa hiyo lawama ni ya aliyepigana na mkondo badala ya kuitafuta kando. Jawabu hili lina ukweli ndani yake, na halipaswi kudharauliwa. Haraka haraka haina baraka, na jitihada isiyo na busara huweza kumwua mwenye nayo. Walakini busara ya kutafuta maji mapole huhitaji maji mapole yawepo. Mtu akiondoa kingo tisa kati ya kumi, kisha akamsifu yule mmoja aliyeibahatisha kingo iliyobaki, hakuthibitisha kwamba wengine ni wapumbavu. Amethibitisha kwamba ameifanya njia kuwa bahati nasibu. Mafanikio ya wachache hayaitakasi njia. Huonyesha tu kwamba haijazibwa kabisa.

Yuko pia atakayesema kwamba mto huchagua. Tangu zamani maporomoko yamewaangusha wanyonge na kuwapitisha wenye nguvu, na kizazi kimekuwa hodari kwa sababu hiyo. Kumsaidia kila samaki ni kukidhoofisha kizazi. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na jawabu lake lahitaji kupambanua mambo mawili. Ugumu uliokuwapo tangu kale ni sehemu ya safari. Samaki na mto wamezoeana kwa maelfu ya miaka, na mwili wa samaki umeandikwa kwa kalamu ya mto huo. Kuuondoa ugumu huo si lazima, na yamkini si wema. Ugumu ulioongezwa na mkono wa mtu kwa mwaka mmoja ni jambo jingine kabisa. Huo hauchagui hodari, kwa maana hakuna uhodari ulioandaliwa kwa ajili yake. Huua tu, kisha mtu huyaita mauaji hayo majaribio. Mwenye kumwaga mawe mtoni hana haki ya kujiita mwalimu wa samaki.

Kutokana na upambanuzi huo hupatikana kipimo cha msaada ulio wa haki. Njia za samaki zilizojengwa Hell's Gate hazimbebi samaki. Ni kuta za saruji zilizosimamishwa kandokando ya mto, zenye nafasi ndani yake, ambazo huyavunja maji kasi yake na kurudisha mahali pa kupumzikia. Samaki huogelea mwenyewe na kuchagua saa yake mwenyewe, na akiisha kupita bado ana mamia ya kilomita mbele yake. Alichorudishiwa ni kile tu alichonyang'anywa, yaani kingo. Hisani ya namna hii haimdhalilishi anayeipokea, kwa kuwa hasa si hisani. Ni deni linalolipwa.

Iko misaada mingine inayombeba msafiri, na wakati wa msiba haikwepeki. Mwishoni mwa mwaka 2018 jabali kubwa liliporomoka katika korongo la Fraser mahali paitwapo Big Bar, kaskazini ya Lillooet, na halikujulikana mpaka Juni 2019. Mto ukawa na poromoko jipya la mita tano hivi. Serikali za Kanada na British Columbia, pamoja na wenyeji wa nchi hiyo, walishirikiana katika kazi. Samaki walikamatwa, wakapakiwa katika mapipa ya maji na kuvushwa kwa helikopta. Zaidi ya 60,000 walivushwa mwaka huo, na baadhi walitiwa vyombo vya redio ili ijulikane kama waliovushwa wanaendelea na safari na kama waliobaki wanapita wenyewe. Hata hivyo sokai wa kundi la mapema, waendao mto Stuart, waliangamia karibu wote. Jabali hilo halikuangushwa na reli wala na kiwanda. Lakini limeanguka katika mto ambao watu walikuwa wamekwisha upunguzia samaki kwa njia nyingine nyingi, na aliyemwachia mwenzake akiba ndogo hawezi kusema kwamba msiba wa mwisho haumhusu. Zaidi ya hayo, kubeba si njia. Helikopta huruka msimu mmoja au miwili; kizazi huhitaji mto. Mwenye kuridhika na kubeba huisahau njia, na anayebebwa daima huwa mateka wa mbebaji.

Bado limebaki swali la wale wanaotiwa alama. Samaki aliyetiwa nyuzi katika msuli hakuombwa radhi. Amekamatwa na kuchelewa, na yamkini atakufa kwa sababu hiyo, ili wasiotiwa alama wapate njia. Je, ni halali? Kusema kwamba elimu huhalalisha kila kitu ni hatari, maana elimu nyingi zimejengwa juu ya migongo ya wasioulizwa. Kusema kwamba haifai kabisa nako ni kumwachia gizani yule anayekufa kila mwaka pasipo kuhesabiwa. Yaelekea kwamba uhalali wake hautoki katika elimu yenyewe, bali katika kile kinachofuata elimu. Kumjeruhi mmoja ili kujua panapowaua elfu, kisha kuondoa kinachowaua, ni jambo laweza kutetewa mbele ya dhamiri. Kumjeruhi ili kujua, kisha kuliweka daftari kabatini, ni kuongeza jeraha juu ya kifo. Kwa hiyo kila namba iliyobandikwa samakini ni ahadi. Anayehesabu amejifunga kutenda.

Mto Columbia, ulio kusini ya Fraser, hutoa mfano wa uzito wa ahadi hiyo. Bwawa la Bonneville lilipomalizika mwaka 1938 lilikuwa na ngazi za samaki, na tangu mwaka huo samaki wapandao huhesabiwa. Bwawa la Grand Coulee, lililoanza kazi mwaka 1941, halikuwa na ngazi yoyote, na nchi yote iliyo juu yake ikafungwa kwa samoni. Mabwawa mengine yakafuata katika Columbia na katika mto Snake unaoingia humo. Ngazi ziliwapandisha wakubwa. Lakini watoto washukao baharini walilazimika kupita kwenye mitambo ya umeme au kupoteza siku nyingi katika maji yaliyotuama na kupata joto. Njia ya kwenda ilikuwa imefikiriwa kuliko njia ya kurudi. Katika jimbo la Idaho liko ziwa liitwalo Redfish, lililo juu ya bahari kwa karibu mita 2,000 na mbali na pwani kwa karibu kilomita 1,450, nyuma ya mabwawa manane. Lilipewa jina hilo kwa wekundu wa sokai waliolijaza. Mwaka 1992 alirudi samaki mmoja tu.

Mmoja ni hesabu iliyo nyepesi kuandikwa na nzito kusomwa. Samaki huyo alikuwa amefanya yote yatakiwayo na methali. Alikuwa na nia, alikuwa na nguvu, akafika. Walakini kufika kwake hakukuithibitisha njia. Kulithibitisha kwamba njia imebakiza mmoja. Hata mwenzi hakumkuta. Mbegu zake zilihifadhiwa kwa baridi, na kazi ya kuzalisha kundi hilo kwa mikono ya watu, iliyokuwa imekwisha anza mwaka mmoja kabla, ikaendelea. Kazi hiyo ni njema na inastahili shukrani. Lakini mtu mwenye insafu hatamsimulia mtoto habari za samaki huyo kama kisa cha ushindi wa jitihada tu. Atamsimulia pia habari za wale wasiofika, maana ndio wengi, na hakuna ushahidi hata mmoja kwamba walipenda kwao kidogo kuliko yeye.

Ziko njia zilizofunguliwa upya. Mto Elwha wa jimbo la Washington ulizibwa kwa mabwawa mawili, moja la 1913 na jingine la 1927, bila ngazi, ingawa sheria ya jimbo ilikwisha dai samaki wapewe njia. Baina ya 2011 na 2014 mabwawa yote mawili yaliondolewa. Baina ya 2023 na 2024 mabwawa manne ya mto Klamath nayo yaliondolewa, na kabla mwaka 2024 haujaisha samoni walionekana juu ya mahali yalipokuwa. Hakuna aliyekwenda kuwahubiria samaki hao juu ya nia. Mamia ya misimu yangalipita wakisubiri chini ya ukuta, na ukuta usingalitishika kwa usubirifu wao. Ulipoondoka, walipanda.

Basi methali ya wahenga isitupwe, ila ikamilishwe. Nia ni mali ya msafiri, na hakuna awezaye kumkopesha. Njia ni kazi ya wengi: ya waliotangulia, ya walio kandokando, na hasa ya wale wenye uwezo wa kumwaga mawe au kuyaondoa. Aliye safarini na aiweke methali hiyo moyoni mwake, kwani itamfaa usiku wa shida. Lakini aliye ukingoni, asiyeloa maji, asiitoe kinywani upesi. Kabla hajasema kwamba fulani hakufika kwa kukosa nia, na ateremke kwanza korongoni, apime kasi ya mkondo, aulize kingo zilikwenda wapi, na aulize nani alizichukua. Yamkini akirudi juu atakuwa na neno jingine la kusema, na yamkini litakuwa neno la kumwomba radhi aliyekufa akijitahidi.